Nyama ya Chanjo

Kijana wa mifugo alifika uani kwangu asubuhi, mtanashati, kofia kichwani, akanipa shikamoo yake vizuri, kisha akafungua ndoo yake ndogo ya plastiki. Harufu ya samaki wakavu ikatoka. Nilikuwa natwanga kisamvu, mchi ukaniganda mkononi. Akavaa glavu, akatoa kitu mfano wa andazi lililokaliwa, akachuchumaa, akaanza kumpigia mbwa wangu mluzi. Nikampiga kijana mkono. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Kile kitu kikaruka kikaangukia kwenye majivu.

"Bibi, hii ni chanjo," akasema huku anajipapasa. "Chanjo ya mdomoni, ya kichaa cha mbwa. Hizi nyingine nazipeleka porini, kwa ajili ya mbweha."

"Toka," nikamwambia.

Wajukuu zangu wakanitumbulia macho. Mimi ni bibi ninayesifiwa kwa kukaribisha watu, na sifa hiyo naipenda, sijifichi. Mgeni kwangu hatoki na midomo mikavu. Tena msidhani ni bibi wa mkongojo. Niliolewa mapema, binti yangu naye hakukawia, nikaanza kuitwa bibi wakati wenzangu wa mjini bado wanachagua vitambaa vya harusi zao. Kwa hiyo nguvu za kumpiga mtu mkono ninazo. Lakini yule niliyempiga hakuwa kijana huyu. Nilimpiga mtu mwingine, ambaye pengine alishazikwa, na natumaini kaburi lake linavuja.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, huku huku kijijini Ziwani. Wa rika langu mliokulia kusini mnaijua dunia ile: salfa inapulizwa kwenye mikorosho, watoto tunarudi nyumbani kope za njano, mabibo yanaoza chini, nzi wanalewa. Bibi alikuwa mfupi, nembo za Kimakonde, zile chale, mashavuni, mdomo mkali. Aliniita "nke mwenzangu", kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, na kama mnavyojua sisi huku tunavyosema. M ya mwanzo tunaipitisha puani, inatoka N. Ntu, ntoto, nkeka. Tumezaliwa hivyo, hatumdhuru yeyote.

Alichojivunia bibi ni masikio. Wengine hujisifia meno au nywele, yeye masikio. Tukiwa tumekaa tunamenya muhogo, ananyanyua kidole: "Nguruwe ameingia bondeni, kwa upande wa mto." Sisi hatujasikia hata jani. Tukienda, kweli, nguruwe pori yupo, na mbwa wetu yupo nyuma yake.

Mbwa yule aliitwa Watachoka. Jina hilo halikuwa lake hasa. Huku kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani, na ujumbe wa bibi ulikuwa kwa Mama Salima, jirani yetu, ambaye alipenda kuuliza mbele za watu baba yangu ni nani na mama yangu alikimbilia wapi. Bibi hakumjibu hata siku moja. Alinunua mbwa. Akawa anapita mbele ya nyumba ile, anaita kwa sauti ndefu, "Watachoka, njoo. Watachoka hawa." Mama Salima naye akatafuta mbwa wake, akamwita Hayakuhusu. Ukitembea njia yetu jioni utasikia, "Watachoka," na upande wa pili, "Hayakuhusu, Hayakuhusu." Wenyewe mbwa walikuwa marafiki, wanalala mgongo kwa mgongo chini ya mkorosho mmoja, hawajui kwamba wao ni matusi.

Watachoka ndiye aliyetulisha, nataka hilo lieleweke. Bila mbwa, muhogo wa huku unaulima wewe anaula nguruwe. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila chakula kina mbwa wake, kama vile kila mtoto ana mama yake, isipokuwa mimi niliyekuwa na bibi.

Kisha yakatokea ya Baba Salima. Mbweha tuliwazoea, walikuwa wanashuka mpaka ufukweni kuokota kaa na vichwa vya samaki, wakimwona mtu wanakimbia. Huyu mmoja alikuja mchana kweupe, anatembea upande upande, udenda unamning'inia, akampita mbuzi, akampita kuku, akamng'ata Baba Salima mguuni alipokuwa anaokota korosho. Baba Salima alimuua kwa jembe, akacheka, akafunga jani la tumbaku kwenye jeraha. Korosho zilikuwa zimekwisha kuuzwa alipoanza kukataa maji. Nilichungulia mlangoni wakati wanampa kikombe, nikaona anakisukuma na shingo inamruka. Mimi nilidhani maji yale ni ya moto. Nikarudi kwa bibi nikamwambia, "Wanamuunguza Baba Salima." Alikufa akiwa na kiu.

Mnaweza kufikiria hofu iliyoingia kijijini. Kina mama waliwafungia watoto ndani. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akatuita wote kwenye ghala la korosho, tukamkuta bwana mifugo na pikipiki yake. Alikuwa mnene wa shingo, mtu wa mikoa ya mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Mimi nilikaa chini, miguuni kwa bibi, karibu na yule bwana kiasi cha kuona viatu vyake vina matope ya aina mbili.

"Nawaletea nyama ya chanjo," akasema. "Mbwa akila, salama. Mbweha akila, salama. Kichaa kimekwisha."

Bibi akasimama. "Bwana mifugo, mimi najua chanjo ni sindano. Wajukuu zetu wanachomwa."

"Ilikuwa sindano zamani, bibi. Siku hizi kuna ya kula."

"Mbwa anakula tu, basi?"

"Anakula tu. Wewe ulitaka aandikishwe shule?"

Watu wakacheka, bibi naye akacheka. Kisha bibi akaangalia mikono ya yule bwana. "Na hiyo mifuko uliyovaa mikononi?"

"Usafi, bibi. Nesi naye si anavaa?"

Bibi akakaa. Alikuwa ameridhika, tena amefurahi kwamba ameuliza mbele za watu na amejibiwa kwa heshima. Mimi nilikuwa na wivu. Sisi watoto tulichomwa begani tukalia mpaka kukohoa, na mbwa wanapewa nyama, ambayo mimi sikuwa nimeiona tangu Idi. Nikamwambia bibi nataka niwe mbwa. Akanifinya sikio.

Siku ya kupeleka mbwa ikafika. Mama Salima alikuwa ndani, amekaa eda ya mumewe, hatoki. Tulipopita na Watachoka kwenye kamba, tukasikia sauti yake dirishani. Haikuwa sauti ya kuchokoza.

"Mama, nisaidie. Mpeleke na wangu."

Ile ilikuwa mara ya kwanza namsikia anamwita bibi "mama". Bibi akasimama kidogo, kisha akaingia uani kwake, akamfungua Hayakuhusu, akachukua kamba zote mbili mkono mmoja. "Nitamrudisha amechanjwa," akasema. "Wewe omba dua tu." Njiani alikuwa anatembea kifua mbele kama anapeleka mabwana harusi wawili. Kijiji kizima kilikuwa njiani, kila mtu na mbwa wake, wengine wamewaogesha. Nakumbuka mzee mmoja alikuwa amemfunga mbwa wake kitambaa chekundu shingoni. Tuliwapeleka wenyewe, kwa kamba, kwa mstari, kwa furaha. Hakuna aliyetulazimisha.

Bwana mifugo alitoa nyama kwenye ndoo, vipande vyekundu, vizuri, akavirusha kimoja kimoja. Watachoka alidaka chake hewani. Mimi nilimpigia makofi.

Tulikuwa hatujafika nyumbani alipoanza kutembea kama miguu yake ni ya mbao. Hayakuhusu akaanguka kwanza, kwenye njia ya mchanga. Bibi akambeba mmoja, akamburuta mwingine, mimi nasukuma. Uani kwetu walilala wote wawili, shingo zimepinda nyuma, meno nje. Bibi akaanza kulia kwa sauti, na kila alipolia, mbwa walikakamaa kwa pamoja kama kamba iliyovutwa.

Mimi nikamkemea bibi yangu, mtoto mdogo vile. "Nyamaza, bibi. Unawasumbua. Ni homa ya chanjo."

Kwa sababu nilikuwa naijua homa ya chanjo. Nesi alituambia: mtoto akichanjwa atachemka, msiogope, mwekeeni kitambaa cha maji, kesho ataamka anacheza. Nikachukua kanga ya bibi, nikailowesha mtungini, nikawafunika. Kuku akikokoreka, wanaruka. Mtu akikohoa njiani, wanaruka. Nikafukuza kuku wote. Nikasimama njiani nikiwa nimeweka kidole mdomoni, nawaambia watu wapite kimya, hapa kuna wagonjwa wamechanjwa. Na watu walipita kimya, kwa sababu nao walikuwa wanakimbilia kwao, kwenye hali hiyo hiyo. Nikarudi, nikaweka mkono juu ya kanga. Miili yao iliacha kuruka. Joto lilikuwa linashuka kabisa, kama nesi alivyosema.

"Bibi," nikanong'ona, "wamepoa."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti. Ni jirani mwingine aliyepita na jembe begani, anakwenda kuzika wa kwake, aliyesema, "Wamepoa kweli, mwanangu," nami nikamshukuru.

Hiyo ni sehemu moja ya hasira yangu, na kwa sehemu hiyo peke yake ningekuwa nimeshasamehe. Sumu ni sumu. Walitaka mbweha na mbwa wafe ili watu wasife, na Baba Salima alikuwa kaburini, labda pangekuwa na la kuongea. Wangesema. Tungegoma, tungetukanana, wengine wangeficha mbwa mashambani, ndiyo. Yule bwana hakutaka kazi ya kugombana nasi, basi akachukua neno la watoto wetu, neno la zahanati, akalipaka kwenye sumu. Ilikuwa rahisi zaidi.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoupeleka mkono wangu asubuhi ile.

Watu walimfuata mwenyekiti, mwenyekiti akamwita bwana mifugo, tukakusanyika tena pale ghalani. Safari hii hapakuwa na mbwa hata wa kubweka. Bibi alisema mbele ya wote, "Ulituambia chanjo."

Yule mtu hakubabaika hata kidogo. "Mimi nilisema chambo," akajibu. "Nyama ya chambo. Ya kutegea wanyama."

"Ulisema chanjo."

"Bibi, ninyi watu wa huku mtu mnamwita ntu. Mtoto, ntoto. Mkisikia M mnaweka N. Mimi nikisema chambo mnasikia chanjo, kosa ni langu?"

Bibi akasema, "Nilikuuliza habari ya sindano. Ukanijibu ilikuwa zamani. Nani anauliza sindano ya chambo?"

"Kwa umri wako, bibi, sijui ulisikia nini na ulijibiwa na nani."

Na watu wakacheka. Hao hao wa Ziwani, mikono ina udongo wa kuzikia mbwa, wakacheka. Sikuelewa nilipokuwa mtoto. Nilidhani wamefurahi, nami nikacheka kidogo ili nifanane nao. Sasa naelewa. Mtu akishakudanganya mbele ya kadamnasi, kucheka kunapunguza aibu. Mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni ya bwana mifugo siku ile ya kwanza, alisikia kila neno. Bibi akamgeukia. Mwenyekiti akaangalia kofia yake, akasema, "Labda tulisikia vibaya."

Tulisikia vibaya. Kijiji kizima, kwa pamoja, siku moja, masikio ya wote yaliziba kwenye neno lile lile.

Shule niliishia darasa la nne, lakini herufi nazijua. Sawa, M tunaigeuza N, nakubali. Basi chambo ningeisikia chanbo. J imetoka wapi? Miaka yote hii nauliza, J imetoka wapi? Hakuna aliyeuliza siku ile, mimi nilikuwa mtoto na bibi yangu hakujua kusoma.

Baada ya hapo nguruwe walikula muhogo wetu kwa nafasi. Tulikula majani. Makopa machache ya muhogo mkavu yaliyobaki tulipeleka Chikongola kuuza, na habari ilikuwa imeshatangulia sokoni. "Hawa ndio wa chanjo na chambo," wakasema wenye vibanda. Mmoja akamuuliza bibi, "Mama, nikupimie chumvi au chunvi?" Wenzake wakapigana mabega kwa kicheko. Bibi alimtukana vizuri sana, nilijivunia.

Mama Salima alipotoka eda alimwambia maneno machache tu: "Nilikupa wangu mkononi mwako." Hakununua mbwa mwingine wala kutusema tena, na bibi alisema heri angetusema.

Hapo ndipo mambo ya masikio yalipoanza. Nikimwita, anageuza shingo: "Eh? Umesema nini?" Narudia. "Sema tena, nke mwenzangu." Nasema tena. Nilidhani amekuwa kiziwi, nikawa napiga kelele, naye akawa ananiambia nisipige kelele, anasikia. Alikuwa anasikia, hilo najua sasa. Ila hakuyaamini tena masikio yake. Nguruwe akivunja muhogo, bibi ananyanyua kidole, kisha anakishusha, ananiuliza, "Wewe umesikia?" Mimi sijasikia. Tunakaa. Kesho tunakuta shamba limelimwa na pua.

Hawa walimnyang'anya mwanamke masikio yake akiwa hai, kwa herufi mbili.

Alipokuwa amelala ugonjwa wake wa mwisho, mimi msichana mkubwa nimeshachumbiwa, alinishika mkono. "Wewe ulikuwepo pale miguuni kwangu. Alisema nini yule bwana?"

"Alisema chanjo, bibi."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Na wewe Nmakonde kama mimi," akasema.

Akafa hivyo, akiamini kwamba aliwapeleka mbwa wale kifoni, wa kwake na wa mwenzake, kwa ubovu wa sikio lake. Na chanjo ya kweli, ya sindano, ilipokuja baadaye na watu wengine kabisa, kijiji kilificha mbwa mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya mto Ruvuma. Nani wa kuwalaumu? Neno lenyewe lilikuwa limeshatiwa sumu.

Basi turudi kwa kijana wangu na ndoo yake. Nilimwambia atoke, akatoka mpaka mlangoni, akasimama pale. Akamwangalia mbwa.

"Anaitwa nani huyu, bibi?"

"Nilisikia."

Akangoja. "Ulisikia nini?"

Wajukuu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mbwa wangu wote, tangu nipate nyumba yangu, jina ni hilo moja. Akifa huyu, anayefuata anarithi. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali lile vizuri namna ile, na nikajikuta namjibu. Nikamweleza yote, nimeshika mchi. Alisikiliza amevua kofia. Hakusema ilikuwa zamani, hakusema nisamehe. Akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Mpe, halafu kaa."

"Bibi, bado nina safari ya Nanyamba."

"Nanyamba haihami. Kaa hapo mpaka nikuruhusu uondoke."

Akakaa. Mahali palipokuwa wazi ni kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akakaa juu yake na suruali yake ya pasi. Akatoa andazi jingine la samaki, akanieleza kwamba ndani kuna kifuko cha maji, hayo maji ndiyo chanjo, mbwa lazima atafune kipasuke mdomoni, akimeza kizima ni kazi bure, na watoto wasiguse. Akampa. Nilisikia analitafuna.

Kisha nikaiangalia miguu yake. Kisamvu kikaiva, tukala, kijana akala kwa adabu, macho yangu yako kwenye miguu ya mbwa. Akijinyoosha, narudisha tonge sahanini. Akalala. Nilijua namna ya kumjaribu. Nikakohoa kwa nguvu. Sikio moja likacheza, basi. Nikagonga sufuria na mwiko. Akafungua jicho, akaniona ni mimi, akalifumba.

Kivuli cha nyumba kilipofika kwenye kinu, kijana akauliza taratibu, "Umeridhika, bibi?"

"Hapana," nikasema, na nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa na hasira kuliko asubuhi. Kumbe ilikuwa kazi ndogo namna hii. Mtu kukaa kwenye mbuzi, kula kisamvu, kuangalia mbwa analala. Yule mwingine alipanda pikipiki yake nyama ya mwisho ikiwa bado haijatafunwa.

Nikamwonyesha nyumba ya pili, ya Salima, ambaye alirithi kiwanja cha mama yake na hajawahi kufuga mbwa mpaka mwaka huu. "Nenda kwa yule. Ukifika mlangoni, lile neno lako liseme kwa sauti. Mimi niko hapa."

Akavaa kofia, akabeba ndoo, akaenda. Nikamnyamazisha kila mtu uani, wajukuu, kuku, kila kitu. Nikageuza sikio.

"Hodi, mama. Shikamoo. Nimeleta chanjo."

Nilisikia.